Simu Ikisasishwa, Nani Anamfundisha Mtumiaji?

Wanachuo wenzangu, somo la leo halimo kwenye kozi yoyote tunayosajili, lakini ada yake imeshalipwa. Bahati mbaya aliyeilipa si mimi, ni shangazi yangu.

Julai 2025 nilikuwa Kibaha kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoita. Wikiendi moja nikaona badala ya kukaa geto nikihesabu hela ya kujikimu, bora niende kumsalimia shangazi Kisarawe, upande wa Maneromango. Wilaya hizi mbili zimepakana na zote ziko mkoa wa Pwani, lakini kwa daladala unazunguka kupitia Dar es Salaam: unashuka Mbezi, unatafuta gari la Gongo la Mboto, ndiyo uanze safari ya Kisarawe.

Shangazi analima mihogo, na ananunua pia ya majirani. Wateja wake wanakuja na kirikuu kutoka mjini. Biashara yote inapita kwenye simu: mteja anapiga, wanakubaliana gunia ngapi, anatuma hela ya kianzio, shangazi anaita vijana wa kung'oa. Simu yenyewe ni Android ya bei ya kawaida, kioo kina mpasuko pembeni, inafanya kazi.

Jumamosi jioni akanipa. "Hebu baba nitazamie hiki kitu. Kila siku kinanitokea, nakitoa, kinarudi."

Nikatazama. Kumbe ni taarifa kwamba toleo jipya la mfumo liko tayari kupakuliwa, GB 2 na ushee. Nilikuwa na bando la usiku, nikamrushia intaneti kutoka kwenye simu yangu, nikabonyeza, tukalala. Asubuhi simu ilipojiwasha upya ikaleta ukurasa wa kuuliza: unataka kuendelea na vitufe vitatu vya chini, au utumie ishara za vidole? Nikachagua ishara. Mimi natumia ishara, rafiki zangu wote wanatumia ishara, na kioo kinaonekana kipana zaidi. Nikamrudishia simu nikamwambia, "Tayari shangazi, sasa simu yako ni ya kisasa." Nikanywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, nikarudi Kibaha.

Jumanne mteja alituma hela. Meseji ikaingia, shangazi akaifungua, akaisoma, halafu akataka kurudi nyuma. Kale kapembetatu ka kurudi hakapo. Kaduara hakapo. Akaizima, akaiwasha, vilevile. Jirani akamwambia simu imeingia virusi. Akapanda bodaboda mpaka kwa fundi, fundi akasema mfumo umegoma, akaiflashi, akamtoza shilingi 15,000. Simu ikarudi kama ilivyotoka dukani, na vitufe vikarudi. Shangazi akamshukuru sana fundi.

Alipofika nyumbani ndipo alipoona kwamba majina yote hayapo. Namba za wateja wa miaka saba alikuwa amezihifadhi kwenye simu yenyewe, si kwenye laini. Hata yangu ilibidi aiombe kwa binamu yangu ndipo anipigie. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Hivi baba, ile siku ulibonyeza nini?"

Kurudisha vitufe vile ni kazi ya nusu dakika, na haifuti hata namba moja. Ndiyo maana nimeandika makala hii. Sisi ni walimu watarajiwa, na kosa nililofanya si la ufundi wa simu. Ni la ualimu.

Mfumo wa simu ni kitu gani hasa

Chukua mfano wa shule. Madarasa, madawati na uwanja ndiyo simu yenyewe: kioo, betri, kamera. Masomo ndiyo programu unazotumia: WhatsApp, kikokotoo, programu ya kutuma pesa. Lakini kuna kitu kinachopanga nani aingie darasa gani saa ngapi, kengele inagongwaje, nani ana ruhusa ya kufungua stoo. Hicho ndicho mfumo endeshi. Kwenye simu nyingi za Tanzania ni Android ya Google, na kwenye iPhone ni iOS ya Apple.

Masasisho yapo ya aina mbili, na wengi wetu tunayachanganya. La kwanza ni dogo, la usalama. Tangu 2015 Google imekuwa ikitoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi, ikiziba matundu ambayo wezi wa kimtandao wanaweza kupitia. Hili kwa kawaida halibadilishi sura ya simu, na halina sababu ya kuogopwa. La pili ni toleo jipya kabisa, ambalo hutoka takriban mara moja kwa mwaka. Android 16 ilitoka Juni 2025 na iOS 26 ikatoka Septemba 2025. Hili ndilo linalohamisha kengele, kubadilisha ratiba na kupaka ukuta rangi mpya, na ndilo linalowafanya watu waseme "simu yangu siielewi."

Watumiaji wanasemaje

Baada ya yale ya shangazi nikaanza kuwauliza watu. Si utafiti, ni maongezi ya kawaida tu: ofisi ya walimu, kijiwe cha bodaboda pale Maili Moja, na baadaye hapa chuoni.

Mwalimu mmoja wa Hisabati alifurahi. Baada ya kusasisha, simu ilimwonyesha namna ya kukuza maandishi, sasa anasoma meseji bila miwani. Mwalimu wa Jiografia alilalamika kwamba simu inachemka kama pasi na chaji haifiki saa nane mchana. Dereva wa bodaboda alisema hafanyi sasisho lolote hata alipwe, maana la mwisho lilimjazia simu mpaka picha hazipigiki. Mwingine akadakia: "Hao wanaua simu za zamani makusudi ili ununue mpya." Na rafiki yangu mwenye iPhone, tuliporudi chuoni, aliniambia sura mpya ya kioo kama maji inampa kizunguzungu, maandishi yanapotea kwenye picha ya nyuma.

Ukisikiliza haraka, wote hawa wanasema jambo moja: sasisho zuri au sasisho baya. Ukisikiliza kama mwalimu anayesahihisha mtihani, unagundua kila mmoja anazungumzia kitu tofauti. Tutenganishe.

Kapu la kwanza ni mambo yanayopita yenyewe. Simu ya mwalimu wa Jiografia iko hapa. Baada ya toleo jipya kuingia, simu inafanya kazi nyingi kimyakimya: inaziandaa upya programu ziendane na mfumo mpya, inapanga upya picha, na programu zenyewe nazo zinajisasisha. Kazi hiyo inakula chaji na kuleta joto. Mara nyingi hali hutulia baada ya siku mbili tatu. Nilimwambia asubiri wiki, na hakulalamika tena.

Kapu la pili ni mipaka ya simu yenyewe. Bodaboda wa Maili Moja hakukosea. Mfumo mpya mara nyingi unataka nafasi kubwa zaidi kuliko ule wa zamani, na simu yenye GB 32 iliyojaa video haiwezi kujiongezea. Google yenyewe inalijua hili, ndiyo maana Desemba 2017 ilitoa Android Go, mfumo uliopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Pia tujue simu hazina umri sawa wa kuhudumiwa. Samsung iliahidi miaka 7 ya masasisho kuanzia Galaxy S24 ya 2024, lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hupata toleo moja au mawili, nyingine hazipati kabisa.

Kapu la tatu ni shaka. Yule aliyesema wanaua simu makusudi tusimcheke. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Maelezo yake ni kwamba betri kuukuu ikibanwa sana simu huzima ghafla, kwa hiyo mfumo ulipunguza mwendo kuzuia hilo. Sababu ina mantiki, lakini watumiaji hawakuambiwa waziwazi, na kampuni ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri mwaka 2018. Mtu akifichwa jambo mara moja, hata ukimwambia ukweli mara ya pili atakutazama kwa jicho la pembeni.

Kapu la nne ndilo la shangazi: simu nzima, mtumiaji hajafundishwa. Hakuna kilichoharibika. Kitufe kimehama tu. Na hili ndilo kapu tunalolidharau, kwa sababu kwetu sisi vijana ni jambo la kubonyezabonyeza dakika tano mpaka uzoee.

Kwa nini kitufe kimoja kinaweza kumkwamisha mtu mzima

Waliosoma saikolojia ya elimu wanamkumbuka Jean Piaget, yule Mswisi aliyefariki 1980. Alisema mtu anajifunza kwa njia mbili. Ya kwanza, jipya linaingia kwenye mpango uliopo kichwani bila kuubomoa. Ya pili, jipya halitoshi kwenye mpango wa zamani, kwa hiyo lazima mpango wenyewe ubadilike. Njia ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu katikati yake kuna kipindi ambacho la zamani halifanyi kazi na jipya hujalipata.

Simu mpya ya rangi nyingine ni njia ya kwanza. Shangazi angeizoea siku hiyohiyo. Lakini vile vitufe vitatu, pembetatu, duara na mraba, vilikuwa ndiyo ramani yake yote. Hakujifunza "kurudi nyuma", alijifunza "bonyeza kapembetatu". Nilipokiondoa, sikumwondolea pambo, nilimwondolea mlango. Ishara za vidole zina shida moja ya kimsingi kwa anayeanza: hazionekani. Kitufe kinakuambia niko hapa nibonyeze. Ishara haisemi kitu. Lazima mtu akuambie kwamba ukiburuta kidole kutoka ukingoni mwa kioo, utarudi nyuma.

Wala tusidhani hili ni tatizo la watu wa kijijini. Mwaka 2012 Microsoft iliondoa kitufe cha kuanzia kwenye Windows 8, na watu wa maofisini dunia nzima walilalamika mpaka kitufe kikarudishwa kwenye Windows 8.1 mwaka uliofuata. Rafiki yangu wa iPhone naye hakuwa peke yake. Malalamiko kuhusu kioo cha iOS 26 kutosomeka yalikuwa mengi, na Novemba 2025 toleo la 26.1 likaja na chaguo la kupunguza ule ung'avu. Tofauti ni kwamba mtu wa ofisini ana mtaalamu wa kompyuta ghorofa ya pili. Shangazi ana jirani anayesema virusi na fundi anayeflashi.

Andalio la somo kwa mwanafunzi mmoja

Agosti nilirudi Kisarawe. Safari hii nilikwenda na andalio la somo, kweli kabisa, nimeliandika kwenye daftari kama la kukaguliwa. Nalitoa hapa ili nawe ulitumie kwa mama, babu, au mama ntilie wako.

Utangulizi. Anza na anachokijua. Nilimwomba anionyeshe anavyopokea simu na anavyotafuta salio. Sikugusa simu. Dakika tano hizi zinakuambia ramani yake ikoje, na yeye anaona hukuja kumtahini.

Ujuzi mpya. Jambo moja tu, la pili lisubiri. Nilianza na mahali vitufe vinapokaa na namna ya kuvirudisha vikipotea. Kwenye Android nyingi unaingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Ishara, halafu unachagua usogezaji wa vitufe vitatu. Majina yanatofautiana kidogo kati ya simu na simu. Tulikuwa tumeiweka lugha ya simu kuwa Kiswahili, na hapo nikajifunza mimi. Neno "usogezaji" halikumwambia chochote. Akauliza, "Kwa hiyo hapa ndipo panapokaa njia za kutokea?" Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo tunapaita "njia za kutokea".

Kuimarisha ujuzi. Simu inabaki mkononi mwa mwanafunzi. Hii ndiyo kanuni kubwa, na ndiyo niliyoivunja mara ya kwanza. Sisi vijana tunachukua simu ya mzazi, vidole vinakimbia, tunairudisha tukisema "tayari". Hakuna mwalimu anayemnyang'anya mtoto kalamu, akaandika jibu mwenyewe, kisha akasema mtoto amefaulu. Nilikaa pembeni yake, nikamtajia, akabonyeza mwenyewe. Alikosea mara tatu. Mara ya nne alifika bila mimi kusema neno.

Tafakuri. Mwambie akueleze kwa maneno yake. Shangazi alimwita jirani, yule wa virusi, akamfundisha yeye. Alifundisha vizuri kuliko mimi, maana alianza na kumwambia: "Ikipotea usiogope, haijafa."

Hitimisho. Mwachie kitu cha karatasi. Tulichora hatua nne kwenye daftari lake la mihogo, ukurasa wa mwisho. Ukurasa uliotangulia tukaanza kuandika upya namba za wateja. Wengine walikuwa wameshapiga wenyewe wakiuliza mbona kimya. Wengine hawajapiga mpaka leo, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anachukua gunia nyingi kuliko wote.

Kabla ya kubonyeza

Sasisho si adui. Kuliacha moja kwa moja kuna gharama yake: matundu ya usalama yanabaki wazi, na baada ya miaka programu zinakukimbia. WhatsApp, kwa mfano, imeshaacha kufanya kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Lakini tuwe wakweli pia: sasisho haliwezi kumzuia shangazi asitapeliwe na meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hiyo kinga yake iko kichwani.

Kwa hiyo ukitaka kusasisha simu yako, na hasa ya mtu mwingine, fuata haya.

1. Hifadhi namba kwanza. Kwenye akaunti ya Google, kwenye laini, au hata kwenye daftari. Bila hili usiendelee.
2. Angalia nafasi. Ikiwa simu imejaa, safisha kwanza.
3. Chaji ivuke nusu, na tumia waifai au bando linalotosha. Hapa chuoni tunaweza kupakua kwa waifai. Maneromango ni hela ya mtu.
4. Chagua siku. Usisasishe usiku wa kuamkia jaribio, wala siku moja kabla ya kusafiri. Ukiweza, subiri wiki mbili tatu usikie waliotangulia wanasemaje.
5. Jua kwamba kurudi toleo la nyuma ni kazi, na mara nyingi kunafuta vyote vilivyomo.
6. Ukiulizwa swali na simu ya mtu, msomee mwenye simu swali hilo. Ajibu yeye.
7. Baada ya kumaliza, kaa naye. Apige, apokee, asome meseji, arudi nyuma. Akifanikiwa yote manne ndipo uage.

Namba 6 na 7 hutazikuta kwenye maelekezo ya kampuni yoyote. Mtengenezaji anaona simu milioni. Wewe unaona moja, na unamjua mwenye nayo.

Wiki iliyopita nikiwa maktaba shangazi alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Kimekuja tena kile kitu." Nikamuuliza ameshafanya nini. Akasema bado, namba zote ziko kwenye daftari, lakini chaji ni asilimia 30 na kesho ana mzigo wa kirikuu mbili. "Nimeona nikiache mpaka Jumapili. Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea.

Maswali ya kujadili

1. Chukua lalamiko moja ulilowahi kusikia kuhusu sasisho la simu. Liweke kwenye mojawapo ya makapu manne, na ueleze ushahidi wako.
2. "Ishara haionekani, kitufe kinaonekana." Taja kitu kingine darasani au kwenye jamii ambacho mwanafunzi anatakiwa kukijua bila kuonyeshwa.
3. Andaa somo la dakika 20 la kumfundisha mtu mzima jambo moja la simu yake, bila wewe kuigusa. Lifundishe likizo hii, kisha andika ni wapi mkono wako ulitamani kuinyakua simu.